KUKUMBUKA SI KUTAJA

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nipate kutoa maoni yangu juu ya Meza ya Bwana, ambayo ndugu zetu Wakatoliki huiita Komunyo. Najua ya kuwa shule hii ni ya Serikali, na wanafunzi wake ni wa dini mbalimbali. Sikusudii kuhubiri. Mimi si mchungaji wala mwinjilisti. Ni mwanafunzi wa kidato cha nne, mwenye umri wa miaka 17, na kwetu ni Nkwenda, wilaya ya Kyerwa. Lakini maoni yangu hayawezi kueleweka bila kusimulia kosa nililolitenda hapa hapa shuleni, na aliyeumia kwa kosa hilo ni mwenzetu ambaye ni Mwislamu. Kwa hiyo nawaomba wasomaji wote, wanafunzi, walimu na wazazi, wanivumilie mpaka mwisho.

Wengi mwakumbuka habari ya tangi. Mwezi wa Februari mwaka huu, jua likiwa kali, tangi la maji ya mvua lililo nyuma ya bweni letu lilikutwa tupu asubuhi. Lilikuwa na lita 5,000 za kututosha mpaka masika. Bomba lilikuwa limeachwa wazi usiku kucha, na maji yote yalikuwa yamekwenda zake mpaka kwenye migomba iliyo nyuma ya jiko. Kwa siku sita tulibeba ndoo kutoka chemchemi ya bondeni, kabla ya kengele ya asubuhi na tena baada ya masomo. Wadogo wa kidato cha kwanza walilia njiani. Siku ya kwanza tu, mwenzetu aliyekuwa kiranja wa maji aliitwa mbele mstarini, akaulizwa ni nani aliyefungua bomba. Akajibu, "Ufunguo ulikuwa kwangu." Hakuongeza neno. Akavuliwa ukiranja mbele ya shule nzima, akachimba shimo la taka kwa jioni tatu, na tangu siku hiyo mkampa jina la Kiangazi.

Ni kweli ufunguo ulikuwa wake, lakini bomba nililifungua mimi. Jioni ile nilimwomba ufunguo nipate kufua shati langu la Jumapili, naye akanipa, kwa kuwa tumeketi dawati moja tangu kidato cha pili. Nikaweka ndoo chini ya bomba, nikaenda bwenini kuchukua sabuni. Huko kengele ya kujisomea ikalia, nikakimbilia darasani, nikasahau. Ufunguo nikamrudishia mwenzangu, naye akaupokea akidhani nimefunga. Asubuhi alipokuwa akijibu mbele ya watu, aliniangalia mara moja, kisha akatazama chini. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Siku zile nilijipa sababu nyingi. Nilisema moyoni ya kuwa ufunguo ulikuwa dhamana yake, si yangu. Nikasema hata nikiungama, maji hayatarudi tangini. Nikasema mtihani wa Taifa u karibu, na nikirudishwa nyumbani nitamwambia nini mama yangu, aliyeuza mbuzi wawili nipate godoro, sanduku na sare? Mtu akitaka kunyamaza hakosi hoja. Wengine walipomwita Kiangazi, mimi sikumwita hivyo, na kwa ajili hiyo nilijiona mwema kidogo.

Ikafika likizo ya Pasaka, nikaenda nyumbani Nkwenda. Sisi ni Walutheri. Siku ya Alhamisi Kuu, Wakristo wanapokumbuka usiku ule Bwana Yesu alipoketi na wanafunzi wake kwa mara ya mwisho, nilivaa shati lile lile, nikaenda kanisani pamoja na Babu. Watu wakatoka benchi kwa benchi, wakapiga magoti, wakapokea mkate na kikombe. Nami nilikuwa nimekwisha kupata kipaimara, basi nikaenda pamoja nao. Nikapiga magoti, nikasikia maneno ya mwili uliotolewa na damu iliyomwagika, nikala, nikanywa, nikarudi mahali pangu. Nasema kweli, nilichokuwa nikifikiri ni kwamba watu wanatazama jinsi mwanafunzi wa bweni alivyonyoosha shati lake. Nilipoketi ndipo nilipoona ya kuwa Babu hakuondoka kwenye benchi.

Tulirudi kwa njia ya shambani, kati ya migomba na mibuni. Nikamwuliza, "Babu, mbona leo hukwenda mezani? Unaumwa?"

"Siumwi," akanijibu. "Nina neno na mwenzangu." Akamtaja jirani tuliyepakana naye shamba. "Juzi nilimtukana mbele ya watoto wake kwa ajili ya mpaka. Nitakwenda kwake kwanza."

"Lakini leo ni Alhamisi Kuu, Babu. Itakubidi ungoje mpaka siku nyingine."

Babu akatembea hatua chache, akasema, "Meza ya Bwana haihami, mjukuu wangu. Mwenzangu ni mzee, aweza kuhama."

Sikuwa na la kumjibu. Yeye hakujua habari ya tangi, wala sikumwambia. Lakini maneno yale yalinichoma kuliko fimbo.

Jioni tulipokaa uani nilimwuliza zaidi, naye akanieleza juu ya omukago, yaani udugu wa kunywana uliokuwako zamani katika nchi ya Wanyambo na Wahaya, na hata ng'ambo, Ankole na Buganda. Wengi wetu twajua kahawa kama zao la kuuza tu, lakini wazee walitafuna kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, na mgeni aliyefika alipewa buni za kutafuna kabla ya habari yoyote. Watu wawili walipotaka kuwa ndugu, ilitwaliwa tunda moja la kahawa. Kila tunda lina mbegu mbili zilizolala pamoja, zikitazamana. Kila mmoja alichanjwa kidogo tumboni, mbegu ikapakwa damu yake, na mwenziwe akaimeza. Tangu hapo mtoto wa huyu alikuwa mtoto wa yule. Shida ya huyu ilikuwa shida ya yule. Waliamini ya kuwa anayemsaliti mwenziwe, damu aliyoimeza itamgeukia tumboni.

Desturi hiyo imekoma kwetu, nami sisemi irudi. Tumesoma katika somo la baolojia ni magonjwa gani yanayopita katika damu. Wala sisemi ya kuwa omukago na Meza ya Bwana ni kitu kimoja. Lakini nilimwuliza Babu, "Mtu aliyemeza kahawa ile, alifanya nini ili amkumbuke mwenziwe?" Babu akacheka. "Alimkumbuka kwa kwenda," akasema. "Nyumba ya mwenziwe ikiungua, alikwenda. Kama hakwenda, hata angelitaja jina lake kutwa, watu walisema amesahau."

Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa langu, na hapo ndipo yalipo maoni yangu. Sisi wanafunzi twadhani ya kuwa kukumbuka ni kazi ya kichwa. Mwalimu wa historia akituuliza mwaka, nasi tukautaja, twasema tumekumbuka. Lakini kukumbuka kafara si kujibu swali. Mtu akiumia kwa ajili yako, kumkumbuka ni kukubali ya kuwa una deni, na kuanza kulilipa mahali unapoweza kulilipa.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mlo ule wa usiku wa mwisho, kama Injili ya Mathayo, ya Marko na ya Luka zisemavyo, ulikuwa karamu ya Pasaka, ambayo Wayahudi huila hata leo kukumbuka jinsi babu zao walivyotoka utumwani Misri. Katika karamu hiyo Myahudi hafundishwi kusema tu kwamba wazee wake waliokolewa. Hufundishwa kujiona kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetoka siku ile. Na kwa kuwa alikuwa mtumwa, amri za Musa zamtaka asimwonee mgeni wala kibarua wake. Basi Bwana Yesu alipowaambia wafuasi wake wafanye vile kwa kumkumbuka yeye, alisema na watu waliojua ya kuwa ukumbusho huja pamoja na wajibu.

Habari ya kale kuliko zote iliyoandikwa juu ya Meza hiyo haikuandikwa katika Injili, bali katika waraka wa kwanza wa Mtume Paulo kwa Wakorintho, karibu na mwaka 55. Tena aliiandika kwa sababu ya ugomvi wa chakula. Wenye mali walifika mapema, wakala na kunywa mpaka wakalewa. Maskini walipofika walikuta hakuna kitu, wakakaa na njaa. Paulo akawaambia wazi ya kuwa mlo wa namna hiyo si wa Bwana hata kidogo. Maneno ya ukumbusho pengine waliyasema vizuri sana. Kilichowashinda ni kumwona mwenzao aliyesimama mlangoni na njaa.

Nikisoma sura hiyo nakumbuka bwalo letu siku za Jumamosi. Sisi wa kidato cha nne twapita mbele ya foleni, twachota nyama, na wadogo wa kidato cha kwanza wabaki na mchuzi. Kesho yake asubuhi wengi wetu twakwenda ibada tukiwa tumepiga pasi suruali. Je, Paulo angetuandikia nini?

Baadaye Wakristo waligombana sana juu ya Meza hii. Mwaka 1529, Martin Luther na Huldrych Zwingli walikutana katika mji wa Marburg, Ujerumani, wapate kupatanisha mafundisho yao. Luther aliandika kwa chaki juu ya meza maneno ya Bwana kuhusu mwili wake, akakataa kuyaacha. Alishika ya kuwa Kristo yumo kweli katika mkate ule. Zwingli alisema mkate ni ishara na ukumbusho. Walipatana katika mambo 14 kati ya 15, lakini jambo hilo moja liliwashinda, wakaachana bila kushiriki pamoja. Wakatoliki nao hufundisha ya kuwa katika Misa kafara ile ile ya msalabani huwekwa mbele ya waumini. Mimi ni mtoto wa Kilutheri, nami nashika niliyofundishwa. Lakini sina elimu ya kuamua ugomvi wa wakubwa hao. Naona jambo moja tu: hakuna hata kimoja katika mafundisho hayo kinachomruhusu mtu kula hali ameficha ufunguo wa mwenziwe.

Shule ilipofunguliwa, jioni ya kwanza nilimfuata mwenzangu darasani. Alikuwa peke yake, akifunika vitabu. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu, lakini nilisema, "Nimekuja kwa habari ya tangi," na sauti ikakatika.

"Nilijua utakuja," akasema. "Ila umekawia."

Nikamwuliza kwa nini hakunitaja siku ile mstarini. Akajibu, "Ufunguo nilipewa mimi. Na wewe una mdomo."

Tukaenda pamoja kwa mwalimu wa bweni. Adhabu yangu mmeiona: mfereji unaotoka tangini mpaka bustani ni mimi niliyeuchimba. Mwalimu alitaka kumrudishia mwenzangu ukiranja. Yeye akashukuru, akakataa kwa adabu, akasema mwaka huu ataka kusoma. Kisha nikaruhusiwa kusema mstarini, nikasema. Lakini nilisema maneno machache kwa sauti ndogo, na waliosimama nyuma hawakusikia. Ndiyo sababu naandika. Gazeti halina mstari wa nyuma.

Katika kuzungumza na wenzangu juu ya jambo hili nimepata hoja tatu za kunipinga, nami yafaa nizijibu.

Kwanza, kuna wanaosema, "Meza ya Bwana ni siri ya mtu na Mungu wake. Mambo ya tangi na foleni ya nyama yanaingiaje?" Nawajibu ya kuwa Bwana mwenyewe ndiye aliyeyaingiza. Katika mahubiri yake mlimani alifundisha ya kuwa mtu aliyeleta sadaka madhabahuni, akikumbuka ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, akapatane na ndugu yake kwanza, ndipo arudi aitoe. Tazameni jinsi alivyolitumia jambo hili la kukumbuka: mtu amesimama mbele ya Mungu, na anachokumbuka ni ndugu yake. Babu yangu hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini sura hiyo ameielewa kuliko mimi.

Pili, kuna wanaosema, "Tukingoja mpaka tuwe safi, hakuna atakayekaribia Meza." Hoja hii ni ya kweli, na ilinisumbua. Meza haikuwekwa kwa ajili ya wasio na dhambi. Usiku ule wa kwanza walioketi walikuwa watu ambao kabla ya jogoo kuwika walikuwa wamekimbia, na mmoja wao alimkana Bwana wake mara tatu. Lakini kuja na uchafu ukitaka kuoshwa ni jambo moja, na kuja na uchafu ukiufunika kwa shati jeupe ni jambo jingine. Mimi nilikuja na shati. Petro alilia usiku ule ule. Mimi nilichukua wiki nyingi, na hata hivyo ilinibidi nisukumwe na mzee.

Tatu, kuna wanaosema, "Haya ni ya Wakristo, gazeti la shule ya Serikali lina nini nayo?" Nami nawauliza, je, ni Wakristo tu wanaokumbuka kafara? Mwenzangu huyu alinieleza ya kuwa siku ya Idd el-Hajj, Waislamu wanapokumbuka jinsi Nabii Ibrahimu alivyokuwa tayari kumtoa mwanawe, nyama ya mnyama aliyechinjwa haiishii katika nyumba ya mwenye kuchinja. Hugawiwa jamaa, majirani na maskini. Huo nao ni ukumbusho unaotoka mlangoni na kwenda kwa mtu.

Tena sisi wa mkoa wa Kagera tuna kafara iliyo mlangoni petu. Mwezi wa Oktoba mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia nchi yetu, na mwanzo wa Novemba akatangaza ya kuwa ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Daraja la Kyaka lilibomolewa. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa ya kuwa tutampiga adui, na wanajeshi pamoja na mgambo wakakusanyika kutoka pande zote za Tanzania. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Askari wetu wengi waliokufa katika vita hiyo wamezikwa Kaboya, wilaya ya Muleba, Wakristo na Waislamu pamoja. Tarehe 25 Julai ni Siku ya Mashujaa, ambapo mkuki na ngao huwekwa penye mnara wa mashujaa, na viongozi wa dini mbalimbali huomba.

Babu alikuwa kijana wa mgambo wakati huo. Hajafika Kaboya hata mara moja. Lakini rafiki yake mmoja wa kikosi hakurudi, akaacha mjane na watoto wadogo. Mama yangu ndiye aliyenisimulia ya kuwa kila mwaka, mvua za vuli zilipoanza, Babu alikwenda kwa mjane yule kwa miguu, akamlimia siku mbili, akarudi. Alifanya hivyo mpaka watoto wale walipokuwa na nguvu za kushika jembe. Kama mtu angemwuliza ni lini anamkumbuka rafiki yake, nadhani asingetaja tarehe. Angeonyesha jembe.

Sisemi ya kuwa mnara haufai, au kwamba sherehe ya Julai ni bure. Ni vema kabisa, kwa kuwa bila siku maalum tungesahau hata majina. Vivyo hivyo sisemi ya kuwa mkate na kikombe ni alama tupu. Nasema ya kuwa mlango upo wa kuingia kanisani na mlango huo huo ndio wa kutokea, na aliyekula ndani anatazamiwa nje. Nje pana mjane mwenye shamba lisilolimwa, mdogo aliyekosa nyama, na mwenzetu anayeitwa Kiangazi.

Sasa yangu ni maombi. Kwa wanafunzi wenzangu: jina hilo liishe. Halikuwa lake siku hata moja. Kama hapana budi mtu aitwe Kiangazi katika shule hii, niiteni mimi, nami nitaitika. Kwa wenzangu wa kidato cha nne: tusimame nyuma ya foleni siku za Jumamosi, mitihani haitatushinda kwa kukosa vipande viwili vya nyama. Kwa walimu wetu: nashukuru ya kuwa adhabu yangu ilikuwa kazi yenye manufaa. Kwa wazazi, na hasa mama yangu atakayesoma habari hii hapa kwa mara ya kwanza: mbuzi wale wawili sijawasahau, na nakusudia kuwakumbuka kwa namna ile Babu alivyonifundisha.

Babu aliniletea salamu kwa mkono wa dereva wa gari la ndizi. Amekwenda kwa jirani yake. Walikaa chini ya mti wa mpaka, wakatafuna kahawa, na Jumapili iliyofuata walikwenda mezani wote wawili. Mimi sijashiriki tena tangu Alhamisi Kuu, lakini Jumapili ijayo nitakwenda. Shati langu lina doa la udongo wa mfereji ambalo halikutoka kwa sabuni, nami nimeamua kulivaa hivyo hivyo.

Wasalaam,

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
aliyeacha bomba wazi.